Meli ya mita 70 inageuka ya mita tatu na nusu: namna ya kujenga na kupaka rangi maketi ya Graf von Götzen

Mu Kabongo, mtoto wa miaka kumi anajua kukunja waya na kukata mkebe wa tomati mpaka motokari itoke, na magurudumu yanazunguka. Ufundi ule unatosha kwa kuanza kazi kubwa zaidi: maketi ya meli ya vita, kubwa hata mtu mzima aizunguke na kuiangalia kila upande. Meli ya kuchagua haiko ya mbali. Mtu akipanda treni hapa, akapita Kabalo mpaka Kalemie, anafika ku ziwa ambako meli ile iliogopwa zaidi ya kitu kingine chochote mu 1915. Jina lake Graf von Götzen.

Yenyewe ilikuwa kwanza sawa maketi ya kuunganisha. Wajerumani waliijenga 1913 mu Papenburg, ku kiwanda cha Meyer, wakaishika na bulo tu, kisha wakaifungua vipande vipande na kuifunga mu masanduku karibu 5.000. Masanduku yalipita bahari mpaka Dar es Salaam, halafu bara mpaka Kigoma. Kule njo ilipigwa misumari ya kudumu, na tarehe 5 Februari 1915 ikashuka mu maji. Haikuzaliwa manowari, ilikuwa ya kubeba watu na mizigo. Lakini walipoifungia mzinga, ziwa lote likawa la Wajerumani.

Tuanze na vipimo. Meli ilikuwa na urefu wa mita 70 na kitu, upana mita 10 hivi. Ukubwa unaofaa ni moja kwa ishirini, kwa sababu hesabu yake haisumbui: kila mita ya meli ni santimeta 5 ya maketi. Maketi itakuwa na mita tatu na nusu, kama pirogi ndogo, na upana wa nusu mita. Mtu wa mita 1,70 atakuwa na santimeta 8 na nusu. Hesabu hiyo iandikwe ku ukuta wa kazi, maana kosa linalorudi kila mara ni kutengeneza meli vizuri, halafu kuweka mlango ambao mtu wake hawezi kuupita.

Mwili unaanza na mkuku, ubao mmoja mrefu ulionyooka kabisa. Juu yake zinasimamishwa mbavu za mbao, moja kila santimeta 20, zikatwe mbili mbili pamoja ili kushoto na kuume zifanane. Hapo fundi wa mbao asikimbie. Ubavu mmoja ukizidi kidogo, bati litavimba pale, na hakuna rangi itakayouficha. Juu ya mbavu kunapigiliwa vipande vyembamba vya mbao, vinasuguliwa na msasa, kisha linakuja bati la mikebe. Bati likatwe vipande vidogo, maana meli ya kweli nayo ilikuwa ya vipande. Kabla ya kubandika, ugeuze bati, ugonge kwa nyuma na msumari usiokuwa na ncha kali, mstari kwa mstari. Upande wa mbele vitatokea vichwa vya misumari. Ni kazi ya majuma mengi, inachosha, lakini bila ile meli itafanana na sanduku.

Sasa kunakuja swali ambalo mafundi wengi wanaliruka: hii ni meli ya siku gani? Mu 1915 Götzen ilipata mzinga wa milimita 105 uliotolewa ku manowari Königsberg, ambayo Wajerumani wenyewe waliizamisha ku mto Rufiji tarehe 11 Julai mwaka ule. Ku maketi, mzinga huo unapata urefu wa santimeta 21, na tundu lake milimita 5, sawa bomba la biki. Lakini baadaye jeshi la nchi kavu liliuhitaji. Uliondolewa, na pahali pake pakawekwa mzinga wa mti. Adui aliyeangalia toka mbali aliendelea kuogopa mti uliopakwa rangi. Basi anayechagua 1916 na kuchonga mzinga wake mu mti, anafanya kazi ileile walifanya maseremala wa wakati ule.

Pembeni ya meli kubwa ziwekwe mbili ndogo, na hapa njo hadithi inaingia mu jimbo letu. Ili kupigana na Wajerumani ku ziwa, Waingereza walileta toka London mashua mbili za mita 12, Mimi na Toutou. Treni ilizifikisha Fungurume. Kutoka pale, Agosti na Septemba 1915, zilikokotwa kupita milima ya Mitumba mpaka Sankisia, na mashine mbili za mvuke, ngombe na mamia ya watu, kisha reli mpaka Bukama, na mto Lualaba mpaka Kabalo. Ku maketi, Mimi inapata santimeta 60. Ukiiweka karibu ya Götzen, unaelewa mara moja kwa nini mkubwa wao, Spicer-Simson, aliteka Kingani tarehe 26 Desemba 1915, akazamisha Hedwig von Wissmann tarehe 9 Februari 1916, lakini Götzen ilipojitokeza hakuishambulia.

Vitabu vingi vinamtaja yeye. Waliokata miti, waliotengeneza madaraja zaidi ya 100 na waliovuta kamba, majina yao hayakuandikwa. Mashine zilipokosa maji, wanawake wa vijiji njo waliyaleta na mitungi. Maketi inaweza kuwaonyesha: watu wa santimeta 8, wengi, na kamba mabegani. Bila wao, Mimi ku meza inaonekana kama iliruka mlima peke yake.

Rangi ije mwisho, na isiharakishwe. Kwanza rangi ya kuzuia kutu, ile nyekundu mafundi wa milango ya chuma wanatumia. Ukauke, usugue, urudie. Chini ya mstari wa maji ubaki nyekundu, kama desturi ya meli za chuma. Picha za zamani ni nyeupe na nyeusi, zinaonyesha paka wapi kunangaa na wapi kuna giza, basi juu kijivu chepesi kinafaa. Rangi yoyote utakayochanganya, uongeze nyeupe kidogo: kitu kikubwa tunakiangalia toka mbali na hewa inakififisha, lakini maketi tunaikaribia. Rangi yenye kungaa sana inaifanya toyi. Na kutu usiipake ovyo: mu 1915 meli ilikuwa mpya.

Anayetaka siku za nyuma zaidi ana kazi nyingine. Tarehe 26 Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe, baada ya kupaka injini grisi nyingi. Waingereza waliiinua 1924, na 1927 ikarudi kazini na jina Liemba. Mwili ni uleule. Unaondoa mzinga tu, na kuandika jina jipya. Kisha maketi iwekwe juu ya miguu ya chuma, mbali na ukuta, maana mchwa wa Kabongo hawaulizi kama mbao ni za meli.