Theluji ya Kilima-Njaro: Neno kwa Wazazi na Waalimu



Baridi ya Juni na Julai iingiapo Umatengo, watoto huota moto na kuuliza maswali mengi. Swali moja lafaa lijibiwe vema: theluji ni kitu gani? Wameisikia katika Zaburi na katika Ayubu, na Nabii Isaya aliitaja aliponena habari za dhambi zilizosamehewa. Lakini macho yao hayajaiona kamwe. Mwalimu asipowajibu, watadhani kwamba Kitabu chataja vitu visivyokuwapo.

Basi, mwanzo wa jibu uko katika njia yetu wenyewe. Mtu apandaye motakaa asubuhi huko Mbamba Bay huondoka katika joto la ziwa. Afikapo Mbinga hutafuta nguo nzito. Kwa nini? Uso wa Ziwa Nyasa u kadiri ya mita 475 juu ya bahari, bali milima ya Umatengo yapita mita 1,300. Kwa kila mita 1,000 za kupanda, joto hupungua kadiri ya digrii 6. Huko Kitulo, penye mita 2,600, majani huamka yamefunikwa na sakitu nyeupe wakati wa kipupwe.

Sasa waalimu wawape watoto hesabu hii. Kilele cha Kibo ni mita 5,895. Kutoka kimo cha ziwa letu mpaka huko ni mita 5,420, yaani joto limepungua kadiri ya digrii 32. Ikiwa ufukoni ni digrii 25, juu ya Kibo ni digrii 7 chini ya sifuri, na maji huganda kwenye sifuri. Ndiyo sababu mawingu ya huko huleta theluji, wala si mvua.

Tena wako mashahidi. Tarehe 11 Mei 1848, Johannes Rebmann, mmisionari wa Rabai, aliona weupe juu ya mlima. Kiongozi wake hakuwa na jina la kitu kile, akakiita “baridi” tu. Huko Uchaga Rebmann alisimuliwa habari za mfalme wa Machame aliyewatuma watu kuuchunguza weupe ule, nao wengi hawakurudi. Lakini habari ilipofika London, William Desborough Cooley, mtu wa elimu nyingi ambaye hakuwahi kuifikia nchi hii, aliikana kwa miaka mingi. Katika mwaka 1862 Baron von der Decken na Otto Kersten walipanda kupita mita 4,000, theluji ikawaangukia. Katika mwaka 1871 mmisionari Charles New aliufikia mpaka wa theluji, akaigusa kwa mikono yake.

Siku hizi safari ni nyepesi. Mtu atokaye Moshi kwa motakaa alfajiri hufika Marangu mapema, na mawingu yasipomziba, Kibo chaonekana kimevaa weupe wake. Motakaa huishia langoni. Atakaye kuigusa theluji lazima apande kwa miguu siku kadha wa kadha.

Lakini weupe huo wapungua. Katika mwaka 1912 barafu ya mlima ilienea karibu kilometa za mraba 12. Katika mwaka 2011 hazikufika 2. Hewa imekauka, theluji mpya ni chache, na dunia yazidi kupata joto. Huenda wajukuu wetu wakaambiwa habari za theluji ya Kibo kama sisi tuambiwavyo habari za kale.

Kwa hiyo, ndugu waalimu, msimkemee mtoto aulizaye. Kuuliza si kukana. Cooley hakulaumiwa kwa kuuliza, bali kwa kumkataa shahidi mwaminifu kwa sababu tu yeye mwenyewe hakuona. Nanyi wazazi, asubuhi ya baridi mwonyesheni mtoto moshi wa pumzi yake, mmweleze jinsi milima inavyopanda juu zaidi ya yetu, naye ataelewa yale ayasomayo.