Ubelgiji ilinyoosha mikono, siye tukaendelea na vita

Tarehe 28 Mei 1940, mfalme Leopold III wa Ubelgiji aliweka silaha chini mbele ya Wajerumani. Vita yake ilichukua siku 18. Lakini huku Katanga kazi haikusimama. Iliongezeka, na watu wetu walipigana vita ile mpaka 1945, wengine na bunduki, wengi zaidi ndani ya shimo na mbele ya tanuru. Watoto wenye wanasoma historia wanatuuliza: namna gani mwenye inchi anashindwa, na koloni yake inaendelea kupigana miaka mitano?

Sisi wa sendika hatukusoma mambo ya jeshi. Lakini greve tunaijua, na greve nayo inaisha kwa kunyoosha mikono ao kwa kushinda. Siku ya kwanza hakuna mutu anauliza juu ya bunga. Siku ya kumi, mama anafungua mufuko na anaangalia chini. Toka hapo uhodari wa midomo hausaidie tena. Watu wanaanza kuuliza: kuko mutu wa inje mwenye atatusaidia? Mukubwa ametuachia mulango wa kutokea, ao anataka tutambae? Na kuko swali moja yenye watu wanaogopa kuuliza kwa sauti: mwenye anasema tuendelee, yeye anakula wapi?

Tuangalie Wabelgiji na maswali ile. Mfalme aliona jeshi yake imesukumwa karibu na bahari, barabara zimejaa wakimbizi, Waingereza wanapanda mashua kurudia kwao. Alisema yamekwisha, akabakia mufungwa ku jumba yake ya Laeken. Mawaziri wake walikataa, wakakimbilia Ufaransa. Wengi wanafikiri mawaziri hao walikuwa mashujaa toka mwanzo. Hapana. Wakati Ufaransa nayo ilitia sahihi na Wajerumani, tarehe 22 Juni, Pierlot na Spaak pia walitaka kuacha. Mwenye alienda London mbele yao ni waziri wa koloni, De Vleeschauwer. Pierlot na Spaak walimufuata paka mwezi wa kumi.

Sasa waziri mwenye inchi yake imekamatwa, Waingereza wanamupokea juu ya nini? Alikuwa na Kongo. Alikuwa na shaba, bati, almasi, mpira, na watu wa kuvitosha. Huku Léopoldville, guvernere mukubwa Ryckmans alikuwa amekwisha kusema Kongo inabakia katika vita. Hakuna mutu aliuliza watu wa kambi kama wao pia wanataka.

Koloni peke yake haitoshi, tuseme kweli. Ufaransa ilikuwa na Afrika ya Kaskazini, ilikuwa na mashua za vita zenye nguvu, na bado Pétain alichagua kunyoosha mikono. Ngambo ya mto, Brazzaville iligeuka upande wa de Gaulle mwezi wa munane 1940, kisha Tchad ya Éboué kuonyesha njia. Inchi moja, bendera moja, na wakubwa wawili wamechagua mbalimbali. Lakini de Gaulle naye, kama Wabelgiji wa London, alipata pa kusimama kwa sababu kulikuwa Afrika ya kulipa.

Na malipo, tunajua yalitoka wapi. Kuanzia 1941 Waingereza walinunua shaba ya Union Minière kwa mapatano na guvernema ya London. Toka 1942 mpaka 1944 Katanga ilitosha zaidi ya tani 150 000 kila mwaka. Vitu vya magazini vilipanda bei sana, kitambaa cha mama kikakuwa kitu ya kuota, na mushahara ukabakia nyuma. Sendika ya Waafrika ilikuwa imekatazwa; ruhusa ilikuja paka 1946. Kwa hiyo wababu zetu walifanya greve bila biro, bila kashe, bila avoka.

Ilianza Jadotville, ni kusema Likasi, mwanzo wa mwezi wa kumi na mbili 1941. Kisha Elisabethville. Waliomba nyongeza ya mushahara, basi. Tarehe 9 Desemba watu walikusanyika ku uwanja wa mupira. Kiongozi wao mumoja, Léonard Mpoyi, karani, alisimama kusema na guvernere wa jimbo, Maron. Mpoyi aliuawa palepale, na askari wakapiga risasi katikati ya watu. Makumi ya watu walikufa.

Sisi tunaona hivi: guvernema ya London ilikuwa inapigana na mikono ya watu wale wale. Kama mikono ile ikikunjwa hata juma moja, vita ya Ubelgiji imekwisha. Njo sababu greve ya mushahara ilijibiwa kama vile ni adui ameingia mujini. Mwaka wenye ulifuata, ku mingini walipandisha siku za kazi ya lazima kutoka 60 mpaka 120 kwa mwaka, na watu wakarudishwa mu pori kutafuta mpira kama wakati wa Leopold wa pili. Kisha vita, waziri wa koloni Godding alikubali waziwazi kwamba Kongo ililipa gharama za guvernema ya London, hata Ubelgiji ikatoka katika vita bila deni kwa wageni.

Askari wetu nao waliona adui ananyoosha mikono. Tarehe 3 Julai 1941, ku Saïo, Ethiopia, generali Gazzera wa Italia alijitoa mbele ya Force Publique na maelfu ya watu wake, wengi kupita wenye walimuzunguka. Mukubwa wake, Duc d'Aoste, alikuwa amekwisha kujitoa mwezi wa tano. Chakula kilikuwa kinaisha na hakuna mutu angekuja kumusaidia.

Japani ni mufano mugumu zaidi. Katika 1945 meli zake zilikuwa chini ya maji, raia wanalala njaa, na bado wakubwa sita wa vita hawakupatana: hata kisha bombe ya Nagasaki, watatu walisema tuache, watatu wakataka kwanza masharti mengine. Toka 1943 Roosevelt alikuwa amesema adui ajitoe bila sharti lolote. Sisi tunaamini mulango wa namna ile unarefusha vita, kama vile mukubwa wa kazi mwenye anasema sizungumuzi mpaka mupige magoti. Wajapani walitumaini Warusi watawapatanisha. Tarehe 8 Agosti Warusi nao wakawatangazia vita. Kisha Wamarekani wakajibu kwa maneno yenye yaliacha nafasi kidogo juu ya mfalme, na mfalme mwenyewe akakata neno. Aliachwa ku kiti yake.

Na bombe ya Hiroshima, sehemu kubwa ya uranium yake ilitoka Shinkolobwe, karibu na Likasi. Zaidi ya tani 1 000 za mawe ile zilikuwa zimelala New York toka 1940. Wenye waliyachimba hawakuambiwa ni ya nini.

Hiroshima wanaandika majina ya wafu wao, na kila mwaka wanaongeza. Wafu wa 9 Desemba 1941, hata hesabu yao haijapatana: vitabu vya wakubwa vinasema moja, wazee wanasema ingine. Familia zenye kuko na jina la babu mwenye alianguka siku ile, ku Likasi ao hapa Lubumbashi, muliandike na kambi yenye alikuwa anakaa, mulilete kwa mujumbe wa sendika wa kazi yenu. Tumeanza liste.