Antibiotiki si dawa ya kila kikohozi

Mugonjwa wa kwanza wa Corona hapa Kongo alitangazwa Kinshasa tarehe 10 Machi 2020. Tangu siku zile, kikohozi kidogo tu, mutu anakimbilia farmasi ya mutaa kuomba azithromycin ao amoxi. Hospitalini pia waganga waliandika azithromycin pamoja na klorokini. Lakini Corona ni virusi, na antibiotiki inaua bakteria. Majaribio makubwa ya Uingereza ya 2021 yalionyesha kama azithromycin haikusaidia wagonjwa wa Corona, wala wa nyumbani wala waliolazwa.

Mwaka 2024 Shirika la Afya la Dunia (OMS) likatangaza hesabu: kwa wagonjwa 100 wa Corona waliolazwa, karibu 75 walipewa antibiotiki, lakini 8 tu ndio walikuwa na ugonjwa wa bakteria pia.

Hasara inatufikia sisi wa mashimo. Bakteria zikizoea dawa, hazifi tena. Kesho jiwe linakupasua muguu kule Mongbwalu, kidonda kinaoza, dawa ya bei ndogo inashindwa. Inabaki ile ya bei kali.

Ndugu wachimbaji, na ninyi wamama: musinunue vidonge viwili vya kujaribu. Uliza muganga ni ugonjwa gani, dawa ni ya siku ngapi, na uimalize. Ukikohoa kupita wiki mbili, enda wapime makohozi: kifua kikuu kinapimwa na kutunzwa bure. Na wenye mashimo walipie kipimo, si vidonge tu.