HOFU YA GHAFLA NA TAFAKARI YA KIBUDHA: ANAYEANZA AANZEJE?

Mwezi huu tunajibu swali la familia moja. Kijana wao hupatwa na hofu ya ghafla, na rafiki alimshauri ajaribu tafakari ya Kibudha. Alipoketi kimya na kufumba macho, moyo ulimwenda mbio akadhani anakufa. Je, ni pepo? Je, aache?

Hofu ya ghafla ni nini?

Ni hofu kali inayomshika mtu bila sababu ya wazi. Moyo hudunda, jasho humtoka, pumzi hubana, vidole hufa ganzi, na mgonjwa huamini kwamba anakufa au anapata wazimu. Mara nyingi hufikia kilele katika dakika 10 hivi, kisha hupungua. Si pepo, wala si utoto. Ni mwili unaojihami dhidi ya hatari isiyokuwepo.

Hata hivyo, kwanza aende hospitali. Ugonjwa wa moyo, pumu na upungufu wa damu huweza kuleta dalili zinazofanana na hizi.

Kwa nini kutulia kuliamsha hofu?

Wabudha wengi humfundisha anayeanza kuangalia pumzi yake ikiingia na kutoka. Wengi hutulia. Lakini mtu anayeogopa mapigo ya moyo wake, akikaa kimya huyasikia zaidi. Akiyasikia huogopa, na akiogopa moyo huzidi kwenda mbio.

Jambo hili liliwapata hata walimu wao. Mingyur Rinpoche, mtawa wa Kibudha aliyezaliwa Nepali mwaka 1975, alisumbuliwa na hofu hii tangu utotoni. Akiwa na miaka 13 aliingia mafungo ya miaka mitatu huko India, na mwaka wa kwanza hofu ilizidi. Ameeleza kuwa alipata nafuu alipoacha kupigana nayo, akaitazama tu ikija na kupita.

Anayeanza afanye hivi:

1. Aanze kwa dakika 2 au 3, si nusu saa. Mafungo marefu ya ukimya si ya mwanzoni.

2. Asifumbe macho. Atazame sakafu mbele yake.

3. Pumzi ikimtisha, aiache. Asikilize nyayo zake zinavyogusa ardhi, au sauti za nje. Wabudha pia hutafakari wakitembea polepole, na njia hiyo huwafaa wengi wenye hofu.

4. Hofu ikija, ajiambie: "Hii ni hofu, itapita." Asivute pumzi nyingi kwa haraka, kwani ndiko kunakoleta ganzi na kizunguzungu.

5. Akizidiwa, asimame na kuacha. Kuacha si kushindwa.

6. Asiache dawa za daktari. Hofu hii hutibika kwa dawa na kwa ushauri wa wataalamu. Tafakari ni msaada tu. Apunguze pia kahawa na chai kali.

Na imani yetu?

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko Nostra Aetate la mwaka 1965, ulifundisha kwamba Kanisa halikatai lililo kweli na takatifu katika dini hizo. Barua iliyotolewa Roma mwaka 1989 na kutiwa sahihi na Kardinali Ratzinger iliruhusu kuchukua yaliyo na manufaa katika njia zao, mradi sala ya Kikristo isipotoshwe. Ilionya pia tusidhani kwamba kila utulivu wa mwili ni faraja ya Roho Mtakatifu. Kutuliza mwili ni jambo jema, lakini sala ni kuzungumza na Mungu. Mwenye wasiwasi amwone paroko wake.

Wazazi, msimcheke kijana huyu, wala msimkemee kwamba hana imani. Hofu ikimshika, keti karibu naye, sema naye taratibu, mngoje mpaka ipite. Kesho yake mpeleke kwa daktari.