Kutambua Wakati na Kauli ya Kutendwa katika Sentensi za Kiingereza

Katika zoezi moja la tafsiri tuliwapa wanafunzi wa mwaka wa pili tangazo fupi la zahanati lililokuwa na sentensi hii: "The water is boiled before it is given to patients." Wengi wao waliandika: "Maji yamechemshwa kabla ya kupewa wagonjwa." Upatanisho wa kisarufi hauna kasoro, na ndiyo maana kosa liliwapita hata waliposahihishiana madaftari. Lakini tangazo la Kiingereza linaeleza utaratibu: maji huchemshwa kwanza, kisha wagonjwa hupewa. Tafsiri ile inamwambia msomaji kwamba maji aliyoyakuta yamekwisha kuchemshwa. Muuguzi mgeni akiisoma atayagawa kama yalivyo.

Tulipowauliza sababu, jibu lilikuwa moja: "boiled" ina "-ed", na "-ed" ni wakati uliopita. Hapo ndipo ulipo mzizi wa tatizo. Hapa Uganda wanafunzi wetu wamejifunza sarufi kwa Kiingereza tangu shule ya msingi, na wamekariri maumbo matatu ya kitenzi: "write, wrote, written". Wasichoambiwa ni kwamba umbo la pili lina wakati ndani yake, ilhali la tatu halina wakati wowote. Kwa vitenzi vingi maumbo hayo mawili hufanana, kwa hiyo mwanafunzi akiona "boiled" hudhani ameona wakati.

Tunapendekeza sentensi isomwe kama mnyororo. Neno la kwanza la mnyororo wa vitenzi ndilo hubeba wakati. Maneno mawili ya mwisho ndiyo huonyesha kauli. Tazama barua yetu: "is written" (huandikwa), "was written" (iliandikwa), "will be written" (itaandikwa), "is being written" (inaandikwa sasa), "has been written" (imeandikwa), "had been written" (ilikuwa imeandikwa). Neno "written" halikubadilika popote. Kilichobadilika ni kilichotangulia. Kauli ya kutendwa ipo pale tu ambapo umbo lolote la kitenzi "be" linafuatwa moja kwa moja na umbo la tatu la kitenzi kikuu. Kwa hiyo "has written" si kutendwa, kwa sababu "be" haimo. "Has been writing" nayo si kutendwa, ingawa "been" imo, kwa kuwa kinachoifuata si umbo la tatu.

Hili lisiwatishe wanafunzi, maana Kiswahili hufuata mpangilio uo huo ndani ya neno moja: -li-, -na-, -me- au -ta- mbele, na -w- nyuma. Wasemaji wa Luganda nao wanao "okuwandiika" na "okuwandiikibwa". Mara nyingi tunamfundisha mtu kwa taabu jambo ambalo tayari analo nyumbani.

Alama ambayo wengi huitegemea, nayo huwapotosha, ni neno "by". Tumesahihisha "Barua itaandikwa na Ijumaa", tafsiri ya "The letter will be written by Friday", kana kwamba Ijumaa ni karani. Hapo "by" ni mwisho wa muda: barua itakuwa imeandikwa ifikapo Ijumaa. Tena sentensi nyingi za kutendwa hazimtaji mtenda kabisa, kama ile ya maji. Anayetafuta "by" kwanza ataziacha hizo na kuyakamata yasiyohusika.

Kuna pia umbo la tatu linalosimama bila "be". "The student praised by the teacher was absent" huwaangusha hata wazuri, maana hukimbilia "Mwanafunzi alisifu", kisha sentensi inawashinda katikati. Kitenzi chenye wakati hapa ni "was" peke yake. "Praised" inamfafanua mwanafunzi tu. Kiswahili hakiruhusu ufupisho huo, hudai kirejeshi: "Mwanafunzi aliyesifiwa na mwalimu hakuwapo."

Sasa tufike mahali ambapo kanuni ya mnyororo haitoshi. "The office is closed at five every day" ni "Ofisi hufungwa saa kumi na moja kila siku". (Saa nayo ni mtego mwingine, tuuache.) Lakini "The office is closed today" ni "Ofisi imefungwa leo". Mnyororo ni ule ule, "is closed", ila sentensi ya kwanza inataja tendo na ya pili inataja hali iliyobaki baada ya tendo. Kwa hali hiyo Kiswahili hutumia -me-, na hapo wanafunzi wetu walioandika "yamechemshwa" wangekuwa sahihi. Viangaliwe vielezi: "every day" na "before" huelekeza kwenye tendo, "today" na "still" aghalabu kwenye hali. Vilevile Kiswahili hutulazimisha kuchagua kati ya kutendwa na kutendeka. "The cup was broken" inaweza kuwa "kilivunjwa", yaani yupo aliyekivunja, au "kilikuwa kimevunjika", bila kumtafuta mtu. Kiingereza hukaa kimya. Mfasiri anayechagua -w- pasipo ushahidi amekwisha kumshtaki mtu.

Tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yaliyokifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili ya Uganda, maandishi ya namna hii hayawezi kubaki ya darasani tu. Hivi karibuni tulibishana na mwenzetu idarani kuhusu sentensi tuliyoitunga kwa ajili ya mtihani, iwe kama maelezo ya mlinzi mbele ya mahakama: "The gate was closed at six." Mwenzetu alishikilia "Lango lilifungwa saa kumi na mbili." Sisi tulisoma "Saa kumi na mbili lango lilikuwa limefungwa." Kwa tafsiri yake, mtu aliyepita saa kumi na moja alipita lango wazi, kwa yetu, huenda alilikuta limefungwa tangu mchana. Sarufi ya Kiingereza inakubali zote mbili. Tuliiondoa kwenye mtihani, kwa kuwa mtahiniwa hana mlinzi wa kumuuliza.