Chanjo ya kumfunza askari wa mwili

Wahenga walinena kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Ndivyo ilivyo katika vita dhidi ya saratani ya utumbo mpana. Mwaka 2018, James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani walitunukiwa Tuzo ya Nobel kwa kugundua kwamba askari wa kinga mwilini wana breki, na breki hizo zikifunguliwa, askari huishambulia saratani.

Hata hivyo, miongoni mwa wagonjwa ambao saratani hii imekwisha kusambaa mwilini, ni takriban 5 tu katika kila 100 ambao uvimbe wao una kasoro nyingi za jeni zinazoufanya utambulike kwa urahisi. Kwa waliosalia, kufungua breki pekee kwa kawaida hakufui dafu, maana askari hamjui adui.

Hapo ndipo chanjo inapotarajiwa kusaidia. Chanjo hii haizuii maradhi. Humfunza askari sura ya adui, kisha dawa humwachilia apigane. Majaribio yangali yanaendelea. Kwa hivyo, walimu, tusiwaache wanafunzi wadhani kwamba kinga ya saratani hii imepatikana. Aonaye damu chooni asingoje chanjo. Amwone daktari mapema.