MAHALI PA TAKA: NANI ANAAMUA, NA SISI TUNASIKIKA WAPI?

Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), Mola wa viumbe wote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Masahaba zake.

Ama baad. Ndugu wanafunzi na wazazi wetu, katika somo la fiqhi mlango wa kwanza tunaosoma ni Tohara. Tunajifunza kuondoa najisi mwilini, katika nguo na mahali pa kuswalia. Lakini tukishafagia ua na kujaza kiroba cha taka, kuna swali ambalo huwa hatuliulizi: kiroba hicho kinakwenda wapi, na ni nani aliyeamua kiende huko?

Wazee wa Ufipa hutuambia kuwa jina la mji wetu wa Sumbawanga maana yake ni "tupa uchawi". Uchawi ukitupwa hauhitaji shimo wala gari. Taka zinahitaji vyote viwili, na zinahitaji ardhi. Ardhi hiyo lazima iwe karibu na mtu fulani. Ndiyo maana jambo hili si la usafi tu, bali ni la uadilifu.

1. TAKA ZINA VITUO VITATU

Watu wengi huita kila mahali pa taka "dampo". Tutofautishe, kwa sababu kila kimoja kina taratibu zake.

(a) Kizimba. Hapa ni mtaani, ambapo taka za nyumba nyingi hukusanywa zikisubiri gari. Kizimba hakikusudiwi kulaza taka kwa wiki nzima. Kikilaza, kimeshakuwa dampo bila ya mtu kuamua.

(b) Kituo cha kukusanyia vya kuuza. Hapa hupimwa na kununuliwa chuma chakavu, makopo ya plastiki, chupa na maboksi, ili vipelekwe viwandani vikatengenezwe upya. Sisi wa Sumbawanga tuko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam. Makopo ni mepesi lakini hujaza gari upesi, kwa hiyo asiyeyabana hapati faida. Kituo cha namna hii kinahitaji eneo, uzio na ruhusa. Kikiwekwa ovyo huleta mbu, panya na vipande vya chuma vinavyochoma miguu ya watoto.

(c) Dampo. Hapa ndipo mwisho wa safari. Dampo la wazi ni lundo tu. Dampo la kisasa huandaliwa chini ili maji machafu yasizame, taka hushindiliwa kwa tabaka, na kila tabaka hufunikwa kwa udongo.

2. KWA NINI MAHALI NI JAMBO KUBWA

Mvua za Ufipa huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili. Mvua inaponyesha juu ya taka, maji hupenya katikati yake, huzoa uozo na sumu za betri na dawa, kisha hutokea chini yakiwa meusi. Yatakwenda wapi? Kutoka nyanda zetu maji hushuka pande mbili: mashariki kuelekea Ziwa Rukwa, na magharibi kuelekea Ziwa Tanganyika. Ziwa Rukwa halina mto unaotoa maji nje. Maji yake hupungua kwa kukaushwa na jua, na sumu iliyoingia hubaki. Nayo milima ya Mbizi na msitu wake ni chanzo cha maji tunayokunywa mjini. Kwa hiyo swali la kwanza kwa eneo lolote la taka ni hili: liko juu ya nini, na chini yake kuna kijito, kisima au bustani ya nani?

Swali la pili ni upepo. Kiangazi chetu ni cha baridi na upepo mkali. Dampo likiwekwa upande unakotoka upepo, moshi na harufu vitaingia majumbani. Swali la tatu ni ndege wa angani. Taka huvuta kunguru na kozi, na mji wetu una kiwanja cha ndege. Ndege hai akiingia katika injini ya eropleni, hatari yake ni kubwa.

Swali la nne ni watu. Mwezi Agosti 2024, lundo la taka la Kiteezi katika jiji la Kampala, Uganda, liliporomoka baada ya mvua na kufukia nyumba. Zaidi ya watu 30 walifariki. Kabla ya hapo, Machi 2017, lundo la Koshe mjini Addis Ababa, Ethiopia, liliporomoka na kuua zaidi ya watu 100. Malundo hayo yalikuwa yameongezeka mwaka hadi mwaka huku watu wakiishi pembeni yake. Wengi wao walikuwa maskini wasio na pa kuhamia.

3. MILANGO YA UAMUZI

Mahali pa taka hapaamuliwi na mtu mmoja kwa siku moja. Kuna milango kadhaa, na kila mlango raia anaweza kubisha hodi.

Mlango wa kwanza ni ramani ya mji. Chini ya Sheria ya Mipango Miji ya 2007, halmashauri huandaa mpango wa jumla unaoonyesha makazi yatakuwa wapi, biashara wapi, makaburi wapi na taka wapi. Kabla haujapitishwa, wadau hukutanishwa na wananchi hutangaziwa ili watoe maoni. Huu ndio mlango mpana kuliko yote, na ndio unaopitwa na watu wengi, kwa sababu wakati huo hakuna harufu yoyote. Kuna karatasi tu ukutani.

Mlango wa pili ni mtaa na kata. Mkutano Mkuu wa Mtaa ni wa wakazi wote waliofikia umri wa miaka 18. Kizimba cha mtaa huanza kujadiliwa hapo. Hoja hupanda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni Diwani. Wenyeviti wa mitaa tuliwachagua Novemba 2024, nao ni majirani zetu tunaokutana nao sokoni na msibani.

Mlango wa tatu ni Baraza la Madiwani na kamati zake, hasa ile inayoshughulikia mipango miji na mazingira. Kwa kawaida mikutano ya Baraza ni ya wazi. Mwananchi anaruhusiwa kuingia kusikiliza, ingawa hazungumzi. Anayetaka hoja yake isemwe humpelekea Diwani wake mapema, tena kwa maandishi.

Mlango wa nne ni tathmini ya athari kwa mazingira. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imezipa halmashauri jukumu la taka ngumu, na imempa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Dampo jipya halitakiwi kuanza kabla ya wataalamu kuchunguza udongo, maji na makazi, na kabla ya watu wa eneo hilo kuulizwa. Wataalamu wakija na daftari, tuwajibu kwa ukweli: kisima kiko wapi, mvua hufurika hadi wapi, mifugo hunywa maji wapi. Na kama eneo ni shamba la mtu, Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka alipwe fidia kamili, ya haki na kwa wakati.

Mlango wa tano ni mahakama. Huu ni wa mwisho. Ni wa gharama na huchukua miaka, lakini uko.

4. KISA CHA TABATA NA KUNDUCHI

Kwa miaka mingi taka za jiji la Dar es Salaam zilitupwa Tabata, katikati ya makazi ya watu. Moshi haukukatika, wala nzi na harufu. Mwaka 1988 wakazi walikwenda Mahakama Kuu kulishitaki jiji, na wakashinda. Jiji likaamriwa liache kutupa taka pale na litafute eneo lisilodhuru watu. Halikuhama. Liliomba kuongezewa muda, likaongezewa, likaomba tena. Mwaka 1991 Jaji Lugakingira alikataa. Alilitazama jambo hilo kwa ibara ya 14 ya Katiba, inayohusu haki ya kuishi na ya uhai wa mtu kulindwa na jamii, na hakuona namna mamlaka ya umma inavyoweza kuomba ruhusa ya kuendelea kuhatarisha maisha ya watu.

Sasa tazameni kilichofuata. Taka zilipelekwa Kunduchi Mtongani. Huko nako kulikuwa na watu. Wakazi zaidi ya 700 wakafungua kesi yao mwaka huohuo wa 1991, na wao pia wakashinda. Hoja moja kubwa iliyowasaidia ilikuwa ramani: katika mpango wa jiji lenyewe, eneo lile lilikuwa limetengwa kwa makazi. Baadaye taka zilihamia Vingunguti, kisha Mtoni, na hatimaye Pugu Kinyamwezi.

Tunapata mafunzo mawili. Kwanza, haki ipo, na karatasi ya mipango ina nguvu kuliko kelele. Watu wa Kunduchi hawakushinda kwa hasira. Pili, kila mtaa ulioshinda ulikuwa umeondoa taka kwake tu. Lundo halikupungua. Lilibadilisha majirani.

5. DINI INATUFUNDISHA NINI

Mtume (s.a.w.) amefundisha kuwa kuondoa njiani kile chenye kuudhi watu ni katika matawi ya imani. Pia ameonya vikali juu ya anayechafua njia za watu na vivuli wanavyopumzikia. Na wanazuoni wamejenga hukumu nyingi juu ya kanuni itokayo katika hadithi, kwamba haifai kudhuru wala kulipizana madhara. Kwa hiyo anayeondoa taka mlangoni kwake na kuzimwaga usiku katika kijito, hakuondoa udhia. Ameuhamisha tu.

Waislamu waliotutangulia waliyafanyia kazi haya katika miji yao. Muhtasib aliteuliwa kusimamia masoko na njia. Huko Tunis, katika karne ya 14 Miladia, fundi muashi aitwaye Ibn al-Rami aliandika kitabu cha hukumu za majengo, akieleza madhara ambayo jirani anaweza kumletea mwenziwe, yakiwemo ya moshi, harufu na maji machafu. Tazameni: fundi wa kujenga, si kadhi, na alijua kuwa mahali pa kitu ni suala la haki. Na katika Suratu Shura waumini wanasifiwa kwa kuendesha mambo yao kwa kushauriana. Mkutano wa mtaa ni mahali pa kushauriana. Wengi wetu hatuhudhurii, halafu tunalalamika barazani baada ya swala ya Alasiri.

6. SISI TUFANYE NINI

Kwanza, tupunguze lundo, maana dampo dogo ni rahisi kulipatia mahali. Katika miji ya Afrika Mashariki zaidi ya nusu ya taka za majumbani ni maganda, majani na mabaki ya chakula. Wazee wa Kifipa walikuwa wakifukia nyasi katika matuta ya mviringo ili zioze na kurutubisha shamba. Ujuzi ni wetu, hatuna haja ya kuazima. Maganda ya viazi na mabua ya mahindi yaende kwenye shimo la mboji, na makopo yatengwe kwa wanunuzi. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania Bara tangu tarehe 1 Juni 2019, basi tubebe vikapu vyetu.

Pili, wazazi wahudhurie mikutano, na waende na maswali. Tunapendekeza haya matano:
(i) Eneo hili limetengwa kwa ajili gani katika ramani ya mji?
(ii) Maji ya mvua kutoka hapa yanakwenda wapi?
(iii) Gari litakuja mara ngapi kwa wiki, na lisipokuja tumwone nani?
(iv) Nani anakaa karibu, na je, ameulizwa?
(v) Likijaa, mpango ni upi?

Swali la nne ndilo la Muislamu hasa. Ni wepesi kusema "hapa hapana". Mwenye kusema hivyo na ajiulize kama pale anapopaonyesha kuna mjane, au mkulima asiye na msemaji. Tukitaka kizimba kisiwekwe karibu na madrasa, ni lazima tuwe tayari kusema ni wapi pangefaa, na tupakague pamoja na watu wa huko. Mwenyekiti akiuliza "basi tupeleke wapi?" na sisi tukanyamaza, hoja yetu imekufa.

Tatu, nyinyi wanafunzi. Hamjafikia umri wa kupiga kura mkutanini, lakini mnajua kupima na kuandika. Hesabuni hatua kutoka kizimba cha mtaani kwenu hadi kisima au mfereji ulio karibu. Andikeni siku gari lilipokuja na siku lilipokosa, kwa mwezi mzima. Daftari kama hilo, akilishika mzazi mkutanini, lina uzito kuliko maneno mengi.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Taja tofauti kati ya kizimba na dampo.
2. Kwa nini mlango wa ramani ni mpana kuliko wa mahakama?
3. Wakazi wa Kunduchi Mtongani walisaidiwa na hoja gani?
4. Kumwaga taka kijitoni ni kuondoa udhia au kuuhamisha? Eleza.

Tunamuomba Allah (s.w.) atutakasie miili yetu, nyoyo zetu na mitaa yetu, na atujaalie kuwa majirani wasiowadhuru wenzao. Amin.

Wabillahi tawfiq.